Wimbi

Wimbi (wingi: mawimbi) ni mtikisiko unaosafirisha nishati bila kuyahamisha maji au hewa unamopita. Tazama kifuu kikielea: wimbi likipita chini yake, hupanda na kushuka karibu palepale. Mengi ya baharini huzaliwa na upepo. Yakikaribia pwani, kina kikipungua, mwendo hupungua na kimo huongezeka, mpaka yanapasuka kwa povu mwambani. Tsunami ni la kutisha zaidi, nalo aghalabu huanzishwa na tetemeko chini ya bahari. Lile la Sumatra, 26 Desemba 2004, lilifika Somalia, Kenya na Tanzania. Yapo pia mawimbi ya redio, yasiyohitaji hata hewa. Husemwa vilevile wimbi la wahamiaji, wimbi la wizi. Kenya, wimbi pia ni ulezi, nafaka ya uji.