Njia Iliyofutwa

Usiku mmoja nilikesha ofisini kwa sababu ya flashi. Nilikuwa mwangalizi wa kompyuta katika ofisi ndogo iliyotumia mfumo wa Linux, kwa kuwa haukutudai fedha za leseni. Jioni ile mhasibu wetu, mama wa makamo, alichomeka flashi yenye hesabu za mwezi, mashine ikakataa kuifungua. "Mwanangu, kesho asubuhi wakubwa wanazitaka," aliniambia, akaenda zake nyumbani.

Nilipochungulia kumbukumbu za mashine nilikuta kauli ya ajabu. Kiini cha mfumo, ambacho mafundi hukiita kerneli, kilisema kwamba ombi la kuleta moduli limefanikiwa, lakini kilichoombwa bado hakionekani. Ni kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi mikono mitupu na kusema, "Nimenunua."

Hapa sina budi kurudi nyuma kidogo. Linus Torvalds alipoanza kazi yake huko Helsinki mwaka 1991, kila kitu kilikuwa ndani ya kiini kimoja. Ukitaka mashine itambue kifaa kipya, ulikijenga kiini upya, ukawasha tena, ukaomba Mungu. Baadaye zikaja moduli, yaani vipande vya kiini vinavyokaa kwenye diski na kupakiwa vinapohitajika. Lakini nani avipakie? Katika toleo la 2.0, la mwaka 1996, kazi hiyo ilifanywa na mtumishi aliyeitwa kerneld, programu ya Björn Ekwall na Jacques Gelinas, aliyekaa macho muda wote akingoja kuitwa. Toleo la 2.2, la Januari 1999, lilimwachisha kazi. Tangu hapo kiini chenyewe, kikikosa kitu, huita programu ya modprobe, na mahali pa kuipata pameandikwa katika faili moja la mstari mmoja: /proc/sys/kernel/modprobe. Kwa kawaida mstari huo husema /sbin/modprobe, basi.

Mstari mfupi, lakini una mamlaka makubwa. Programu yoyote iliyotajwa pale huendeshwa kwa uwezo wote wa msimamizi mkuu wa mashine. Wavamizi walilijua hilo mapema: anayefanikiwa kuandika herufi chache tu katika kumbukumbu ya kiini huibadili njia ile ielekee kwenye programu yake mwenyewe, kisha hukichokoza kiini kikaiite.

Kuna na hatari ya pili, nayo ndiyo iliyonitia mimi matatani. Mtumiaji wa kawaida, asiye na cheo chochote, anaweza kukifanya kiini kipakie moduli ambayo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuihitaji. Mwaka 2010 Dan Rosenberg alionyesha kasoro katika itifaki ya mtandao iitwayo RDS. Wengi hawakuwahi hata kuisikia, lakini iliwapa wenye nia mbaya ufunguo wa mashine nzima, kwa kuwa ilipakiwa kwa kuombwa tu. (Mwaka 2017 Andrey Konovalov alikuta jambo la namna hiyohiyo katika DCCP, kasoro iliyokuwa imelala humo zaidi ya miaka 10.)

Basi fundi mwenzangu alikuwa amenidokeza dawa: futa njia ile, iache tupu, kiini hakitaita mtu. Nikafuta, tena nikaweka amri ya kuifuta kila mashine inapowaka. Sikuandika popote. Wiki kadhaa hakuna aliyeona tofauti, maana moduli iliyokwisha kupakiwa hubaki, na mashine ile haikuzimwa usiku wala mchana. Umeme ulipokatika siku ile, ikawaka upya bila moduli ya flashi, na mimi nilikuwa nimekwisha sahau nilichofanya.

Nilitafuta maelezo katika nyaraka za kiini. Orodha ya mipangilio ilikuwapo, ndefu na nzuri, lakini penye modprobe palikuwa na rejea tu ya waraka mwingine. Nao ulikuwa mfupi, ukieleza namna ya kunasa makosa ya moduli kwa kuielekeza njia ile kwenye programu yako mwenyewe. Haukusema kinachotokea njia ikiwa tupu. Waraka huo ndio uliokuwa mwalimu wangu hadi saa tisa za usiku, nilipofungua faili lenyewe na kuliona halina kitu.

Maelezo kamili yalikuja mwaka 2020. Eric Biggers aliandika kwamba njia ikiachwa tupu upakiaji wa moduli wa kujiendesha huzimika kabisa, akarekebisha na ule uongo: sasa kiini hurudisha kosa badala ya kudai kimefanikiwa. Kichekesho ni kwamba wakati uleule ule waraka wa zamani nao ulikuwa ukiunganishwa na orodha, hivyo mpangilio uliokosa maelezo miaka mingi ukajikuta umeelezwa mara mbili, ikabidi sehemu hizo ziunganishwe kuwa moja.

Niliuchapa ukurasa ule nikaubandika katika daftari langu la kazi, kando ya mstari nilioandika alfajiri ile kabla mama hajafika kuchukua hesabu zake: "Njia ya modprobe nimeirudisha. Niliyeifuta ni mimi."