Harufu mbaya ya kinywa cha mbwa ni dalili ya ugonjwa

Mbwa na paka wanaofugwa Mbinga na katika maeneo ya mwambao wa Ziwa Nyasa, kama Liuli na Mbamba Bay, hula zaidi kinachobaki jikoni: ugali, mifupa na vichwa vya samaki. Mbwa hulinda nyumba na mali, na paka hufukuza panya. Hata hivyo, meno wanayoyategemea kwa kazi hiyo husahaulika kwa urahisi.

Mbwa mzima ana meno 42 na paka ana meno 30. Bakteria hujenga utando laini juu ya meno, na usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha kwa siku chache ukawa ukoga mgumu wa manjano au kahawia. Fizi huvimba na kutoa damu, mfupa unaoshikilia jino huliwa polepole, na jino hulegea. Mbwa na paka wengi huanza kuonyesha dalili wafikapo umri wa miaka 3.

Dalili hizo ni harufu mbaya, kutafuna kwa upande mmoja, kuangusha chakula na kutokwa na mate. Uvimbe chini ya jicho la mbwa mara nyingi hutokana na usaha katika mzizi wa gego la juu. Mnyama mwenye maumivu huweza kuendelea kula, hivyo kula kwake si uthibitisho wa afya.

Kinga bora ni kumsafisha meno kila siku kwa mswaki laini, akizoeshwa tangu akiwa mdogo. Dawa ya meno ya binadamu haifai, kwa kuwa mnyama huimeza, na baadhi zina utamu wa zailitoli unaoweza kumuua mbwa. Mifupa migumu huvunja meno, na ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali. Ukoga uliokwisha kuganda usikwanguliwe kwa kisu. Huondolewa na daktari wa mifugo baada ya mnyama kupewa dawa ya usingizi.

Ipo hali moja ambayo mfugaji hapaswi kabisa kugusa kinywa. Mbwa ambaye taya limelegea, anatokwa na udenda na hawezi kumeza huonekana kama aliyekwamwa na mfupa, kumbe huenda ana kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huo vimo katika mate, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa huyo atengwe na ofisa mifugo aarifiwe. Aliyeumwa, au aliyeguswa na mate kwenye jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali kupata chanjo bila kungoja dalili.