Stesheni ya Tanga na Reli Iliyongoja Uhuru

Kila tunapokutana kuadhimisha Desemba 9, wazee wetu wa Tanga hawakosi kuitaja stesheni. Watoto waliozaliwa huku huuliza: stesheni inahusianaje na Uhuru? Swali ni zuri, na linastahili jibu.

Reli ya Tanga ndiyo ya kwanza kujengwa katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Wajerumani walianza kazi mwaka 1893. Kufikia 1896 ilikuwa imefika Muheza tu, mwendo wa kilomita 40 hivi, na kampuni ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Waingereza ndio walioifikisha Arusha, mwaka 1929.

Haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilifuata mashamba, ili mkonge wa Muheza na Korogwe na kahawa ya Kilimanjaro vishuke bandarini. Nyuma ya kila robota la mkonge walikuwapo manamba, waliotoka Kigoma, Songea na hata Burundi, jina lao likitokana na namba walizopewa. Baadhi yetu ni wajukuu wao.

Vita navyo viliifuata reli. Novemba 1914 Waingereza waliposhusha majeshi kutoka India kuuteka mji, Wajerumani waliwaleta askari wao kwa treni kutoka Moshi. Masimulizi ya Tanga hayawasahau nyuki, waliotoka mizingani na kuwavamia wapiganaji.

Sasa watoto, tazameni ramani. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam, ya kwetu ilianzia Tanga, na hazikukutana popote. Tangu miaka ya 1920 mtu wa Tanga aliweza kwenda Mombasa kwa treni, kwa kuzunguka Kahe, Taveta na Voi. Lakini kwenda Dar es Salaam, ndani ya nchi yake mwenyewe, reli haikuwapo. Mkoloni aliunganisha shamba na meli. Kuunganisha watu hakukuwa haja yake.

Uhuru ukaja 1961. Mwaka 1963 njia ya kutoka Ruvu ilifika Mnyusi, karibu na Korogwe, na reli mbili zikawa moja. Ndiyo maana wazee wakisema Uhuru, hutaja na stesheni.

Baadaye soko la mkonge lilianguka, na katika miaka ya 1990 treni za abiria zikakoma. Desemba 2019 treni ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Tulishangilia hata huku ughaibuni. Ila ilipita Korogwe; Tanga mjini, reli ilikozaliwa, haikushuka.

Basi mkienda likizo, fikeni stesheni ya Tanga pamoja na bibi au babu. Waulizeni walipanda treni ya kwenda wapi, na nani aliwasindikiza. Majibu hayo hayamo katika kitabu chochote, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka.