Gitaa la Mwenda: Toka Utungo wa Papo kwa Papo hadi Santuri

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimkuta Jean Bosco Mwenda akipiga gitaa mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, katika Katanga. Hakumpeleka studio, alimrekodi huko huko kwa mitambo aliyosafiri nayo. Ndivyo "Masanga", iliyokuwa kazi ya kidole gumba na cha shahada, ilivyoingia katika santuri.

Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft alichapisha uchambuzi wa upigaji huo. Ilidhihirika kwamba Mwenda alirudiarudia vipande vichache vya msingi, akivigeuza kila mara.

Hapa pana fundisho kwa wataalamu wa fasihi simulizi. Santuri haikuzaa utungo. Ilinasa utendaji mmoja miongoni mwa mingi, nao ukaja kuhesabiwa kuwa ndio wimbo wenyewe. Mwenda aliimba pia kwa Kiswahili cha Katanga. Basi mtafiti anayenukuu maneno yake katika sahani moja, akayaita matini kamili, humnyang'anya mtunzi haki yake ya kugeuza.