Barua ya Mzee

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Walimu wenye vyeti hawakutosha, hivyo kazi ikatuangukia tuliojitolea, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba.

Hapa Itigi tulifundisha kisomo jioni, watu wakisharudi kutoka mashambani. Mzee mmoja, rika la baba yangu, alikuja na barua ya mwanawe. Nikataka kumsomea, akakataa: "Mwanangu, nifundishe niisome mwenyewe."

Miezi mingi ikapita. Siku aliyoimaliza, alinyamaza kimya. Kijana alikuwa akiuliza kwa nini baba hajibu. Mzee akaomba karatasi.

Katika mtihani wa taifa wa Agosti 1975, wasiojua kusoma walishuka hadi 39 katika kila 100. Wengine husoma takwimu hiyo. Mimi humwona mzee yule akishika kalamu.

Ndugu kijana, ujana hauwekwi akiba. Nilidhani natoa, kumbe ndipo nilipopewa ualimu wangu.