Tusilisingizie Jua

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, jambo likiharibika ghafla, watu hutafuta mkosaji kabla ya kutafuta sababu. Radi ikipiga nyumba Mbeya, hakosi jirani wa kunyooshewa kidole. Siku hizi hata jua limo katika orodha ya washukiwa.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota nchini. Mjini Iringa niliwasikia watu wakililaumu jua, maana siku mbili kabla dunia ilikuwa imepigwa na dhoruba ya sumaku kutoka huko, kubwa kupita zote tangu mwaka 2003. Ushahidi ulionekana kamili. Kumbe kosa lilikuwa baharini: nyaya mbili za mawasiliano zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini.

Hata hivyo, ndugu msomaji, jua si malaika. Tarehe 20 Januari 1994 setilaiti mbili za Kanada, Anik E1 na Anik E2, zilipoteza mwelekeo, moja baada ya nyingine. Ya tatu, Intelsat K, nayo iliyumba siku hiyo hiyo. Wataalamu hawakutosheka na kuona kwamba mambo hayo yalifuatana. Walitazama vipimo vya angani, wakakuta elektroni zenye nguvu zilikuwa zimezidi kwa siku kadhaa mfululizo. Elektroni hizo hupenya ngozi ya chombo na kujikusanya ndani ya plastiki inayofunika nyaya, mithili ya maji katika bwawa. Bwawa likifurika, hutoka cheche. Katika zile Anik, zilizoumia ni saketi za gurudumu linaloituliza setilaiti. E1 ilirejeshwa baada ya saa chache. E2 ilichukua miezi.

Tofauti ya visa hivi viwili ndiyo somo lenyewe. Vyote vilikuwa na wakati unaolingana. Lakini cha mwaka 1994 kilikuwa pia na njia: kutoka angani, kupitia plastiki, hadi kwenye saketi. Cha Mei 2024 hakikuwa nayo, kwani sehemu kubwa ya intaneti yetu hupita chini ya bahari, si kwa setilaiti.

Tukilisingizia jua kila mara, waya uliokatika utakosa fundi. Tukilitakasa kila mara, dhoruba ya kweli itatukuta tumelala. Mshukiwa yeyote, awe jua au jirani, anastahili kuulizwa: ulipitia wapi?