Mbungo: Mmea utambaao unaohitaji mti wa kuegemea

Mbungo ni mmea wa asili wa misitu ya Pwani ya Afrika Mashariki, ambao wataalamu huuita Saba comorensis. Shina lake ni gumu kama la mti, lakini haliwezi kusimama peke yake. Hivyo, hukwea mti jirani kwa vikono vinavyojisokota matawini, ukafikia kimo cha mita 20 au zaidi kutafuta jua. Majani yake yang'aayo huota mawili mawili, na mmea husalia kijani mwaka mzima.

Licha ya kuegemea mwenzake, mbungo si kimelea. Mizizi yake imo ardhini nao hujitafutia maji na chakula. Shina likikatwa hutoa utomvu mweupe. Maua yake ni meupe, yenye kunukia. Matunda yake, mabungo, huwa ya rangi ya chungwa yakiiva, na nyama yake chachu iliyozingira mbegu hutengenezewa sharubati inayopendwa sana Unguja na Pemba.

Basi anayefyeka miti mikubwa kwa ajili ya mbao au makaa huiondolea mibungo ngazi yake. Mbegu zake huota, ila mche usipopata mti wa kuukwea hubaki kichaka tu.